Mtetemo wa injini usiokwisha kwenye pikipiki ya safari ndefu: nianzie wapi?

Mwendambali ameuliza:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naomba mawazo yenu kabla sijaendelea kutumia fedha kwa kubahatisha.

Nina pikipiki ya safari ndefu yenye injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wa cc 1,250 hivi, inayotumia injekta na cheni. Imekwisha kutembea kilomita 62,000, na nimekuwa nayo tangu ikiwa na kilomita 18,000, kwa hiyo naijua kama mtu anavyoijua hodi ya jirani yake. Miaka yote hiyo ilikuwa na mnong'ono wa kawaida wa injini za aina hii, ule unaousikia kwenye vikanyagio ukipita mizunguko 5,000 kwa dakika, na haukuwahi kunisumbua.

Miezi mitatu iliyopita, nikiwa katikati ya safari, niligundua mtetemo mgeni. Ni mwembamba na mkali, wa kuwasha zaidi kuliko kutikisa, kama mashine ya kunyolea nywele iliyogusishwa kwenye mfupa. Unaanza kwenye mizunguko 4,200, unafikia kilele kwenye 4,600, kisha unafifia na kukaribia kutoweka nikipita 5,200. Bahati mbaya ni kwamba katika gia ya sita mizunguko 4,600 ni sawa na kilomita 115 kwa saa, yaani mwendo uleule ninaokaa nao siku nzima. Vioo vya pembeni huingia ukungu kiasi kwamba gari lililo nyuma yangu naliona kama doa tu, na baada ya saa moja vidole vitatu vya mkono wa kulia, gumba, cha shahada na cha kati, huwa vimekufa ganzi. Mara ya mwisho niliposimama kujaza mafuta nilishindwa kuzungusha kifuniko cha tangi hadi nikatumia mkono wa kushoto.

Haya ndiyo niliyokwisha kufanya. Tairi zote mbili ni mpya na zimesawazishwa mara mbili, mara ya pili na fundi mwingine ili nisije nikarudia kosa la wa kwanza. Cheni na sproketi zake ni mpya, na ulegevu wa cheni uko ndani ya kipimo cha kitabu. Plagi nne ni mpya, chujio la hewa ni jipya, oili imebadilishwa. Fundi niliyempelekea aliizungusha dakika kumi mtaani, akanirudishia ufunguo na kuniambia kwamba injini za silinda nne ndivyo zilivyo. Sikubishana naye, lakini kitu kilichoanza miezi mitatu iliyopita hakiwezi kuwa ndivyo kilivyo.

Mtetemo wa namna hii hutoka wapi, na nianzie wapi ili nisiishie kubadilisha pikipiki nzima kipande kwa kipande?

Mzee Spana amejibu:

Marahaba, kijana. Orodha yako ni ndefu lakini umeianza katikati. Kabla hujagusa spana ulipaswa kujiuliza mtetemo huo unamfuata nani, injini au magurudumu, kwa sababu jibu la swali hilo peke yake huondoa nusu ya washukiwa bila gharama yoyote.

Tufanye hesabu kidogo. Tairi la nyuma la pikipiki kama yako lina mzingo wa karibu mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 115 kwa saa unakata takriban mita 32 kila sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka mara 16 kwa sekunde. Tairi lisilosawazishwa vizuri litakudundisha mara 16 kwa sekunde, na hilo utalisikia kwenye kiti na kwenye mabega. Cheni yenye pingili zilizokaza mahali pamoja huja polepole zaidi, kama mara 6 kwa sekunde kwa mwendo huo, nayo huhisi kama pikipiki inavutwa na kuachiwa. Injini kwenye mizunguko 4,600 kwa dakika inazunguka karibu mara 77 kwa sekunde. Huo mfano wako wa mashine ya kunyolea nywele uko upande wa injini kabisa, na fedha ya kusawazisha tairi mara ya pili ungeiweka mfukoni.

Hata hivyo usiniamini kwa maneno. Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na watu, shika kilomita 115 katika gia ya sita, kisha bana klachi na uache injini ishuke yenyewe. Mtetemo ukikatika papo hapo ilhali pikipiki bado inakwenda kasi ileile, magurudumu na beringi zake hayana hatia. Rudia kwa gia ya tano: ukiukuta tena kwenye 4,600, safari hii ikiwa kwenye mwendo mdogo zaidi, umepata ushahidi wa pili. Mwisho, simamisha pikipiki, weka nyutro, na upandishe mizunguko taratibu hadi 4,600. Ukiusikia hata kwa udhaifu, basi tumebaki na injini na namna ilivyoshikwa.

Kwa upande wa injini yenyewe, jambo la kwanza ni kama silinda zote nne zinafanya kazi sawa. Injini ikiwa baridi kabisa iwashe na udondoshee tone la maji kwenye kila bomba la ekzosi karibu na injini. Bomba linalochelewa kukausha tone lina silinda mvivu, iwe ni kwa sababu ya plagi, koili au injekta. Halafu funga geji za vakyumu, zile zinazopima mnyonyo wa hewa wa kila silinda, upime milango ya hewa kama inafunguka kwa usawa. Watu hudhani usawa huo ni wa sailensi tu, yaani injini ikinguruma bila kuongezwa mafuta, lakini injini kubwa kama hiyo ikitembea kilomita 115 kwenye tambarare mafuta yamefunguliwa kidogo sana, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya milango bado ina sauti kubwa. Katika injini nyingi kuna silinda moja ya marejeo ambayo skrubu yake haiguswi. Zile tatu ndizo zinazoletwa kwake. Kabla ya kupima, kagua vifuniko vidogo vya mpira vinavyoziba matundu ya vakyumu. Kimoja kikipasuka, silinda hiyo hunyonya hewa ya wizi, na utarekebisha skrubu hadi jioni bila mafanikio. Mwisho wa sehemu hii ni nafasi za vali, maana vali ya ekzosi iliyobana hupunguza mgandamizo wa silinda yake bila kupiga kelele yoyote.

Sasa nina swali, na nakuomba ulijibu kwa uaminifu. Miezi hiyo mitatu iliyopita, kabla mtetemo haujaanza, nini kingine kiliguswa kwenye pikipiki hii? Kitaje hata kama unaona hakihusiani na injini, hata kama ni taa.

Upepo wa Uso amejibu:

Pamoja na heshima zote kwa Mzee Spana, naona mnaelekea kufungua injini kwa tatizo ambalo wengine tumelimaliza kwa dakika ishirini. Mimi niliweka vizito vizito zaidi kwenye ncha za usukani, nikabadilisha vishikio vya kawaida kwa vile vya sponji, na nikanunua glavu zenye jeli kwenye kiganja. Ganzi imekwisha. Kama vizito vya kiwandani viliondolewa ili kuweka kinga za mikono au vishikio vya kupasha joto, basi hapo hapo ndipo penye ugonjwa, kwa sababu usukani ni bomba tupu na bila uzito kwenye ncha hulia kama kengele.

Mwendambali amejibu:

Nashukuru sana. Nimetumia siku mbili za mapumziko kufanya majaribio, na matokeo ni haya.

Nilipobana klachi kwenye kilomita 115 mtetemo ulikatika kama mtu aliyezima swichi. Katika gia ya tano niliukuta palepale kwenye 4,600, nikiwa kwenye kilomita 102 hivi. Pikipiki ikiwa imesimama unasikika pia, ingawa ni dhaifu. Mabomba yote manne ya ekzosi yalikausha tone kwa wakati mmoja. Fundi mwingine, mwenye geji zake, amepima milango ya hewa mbele yangu na kukuta tofauti iko ndani ya kipimo cha kitabu. Vifuniko vya mpira ni vizima. Vali zilikaguliwa kwenye kilomita 48,000. Ndugu Upepo wa Uso, vizito vya usukani ni vya kiwandani na vipo vyote viwili.

Nilijaribu pia jambo la kisasa kidogo. Niliweka kwenye simu programu inayosoma mtikisiko na kuchora mawimbi yake, nikaifunga simu kwa mkanda juu ya tangi, nikapandisha mizunguko hadi 4,600. Programu inasema inachukua vipimo 200 kwa sekunde. Kilele kilitokea kwenye hezi 47, yaani mara 47 kwa sekunde. Nimekaa na karatasi na kalamu na sioni 47 inatoka wapi, kwa sababu injini inazunguka mara 77 kwa sekunde na magurudumu yalikuwa yamesimama. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba nilipopandisha hadi 4,800 kilele kilishuka hadi kwenye hezi 40. Injini inapanda, namba inashuka.

Kuhusu swali la Mzee: kabla ya safari ile nilifunga taa mbili za ukungu, na ili nipate mahali pa kuzishikiza nilifunga vyuma vya kukinga injini. Nilivifunga mwenyewe jioni moja, usiku wa kuamkia safari. Vimekamatwa kwenye bolti za mauntini ya mbele ya injini, pale injini inaposhikwa kwenye fremu, kushoto na kulia, kisha vikaunganishwa katikati kwa chuma cha kuvuka. Sikuvitaja mwanzoni kwa sababu ni vyuma tu, havizunguki wala havisogei.

Bi Nyenzo amejibu:

Ndugu Mwendambali, hiyo namba yako ya ajabu ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Kifaa kinachochukua vipimo 200 kwa sekunde hakiwezi kuona kwa usahihi mtetemo wowote unaozidi hezi 100, yaani nusu ya kasi yake ya kupima. Mtetemo wa juu zaidi ya hapo haupotei, bali hujitokeza umevaa sura ya namba nyingine, kama magurudumu ya gari kwenye filamu yanavyoonekana yakizunguka kinyumenyume. Toa 47 kwenye 200 utapata 153. Sasa chukua mizunguko 4,600, gawanya kwa 60, zidisha kwa 2: unapata 153. Kwenye 4,800 mara mbili ya kasi ya injini ni hezi 160, na 200 ukiondoa 160 ni 40. Ndiyo maana namba ilishuka injini ilipopanda. (Simu yenyewe usiizoeze kukaa juu ya pikipiki. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki inaweza kuharibu kamera za iPhone.)

Mara mbili ya kasi ya injini ni alama ya kidole ya silinda nne za mstari mmoja. Pistoni mbili zikipanda mbili zinashuka, na kwa haraka mtu angesema zinafutana. Lakini kwa sababu ya mwinamo wa fito inayounganisha pistoni na krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, pistoni huenda kasi zaidi katika nusu ya juu ya safari yake kuliko katika nusu ya chini. Zinazopanda na zinazoshuka hazilingani kila wakati, na kinachobaki ni nguvu ya juu na chini inayojirudia mara mbili katika kila mzunguko wa krenki. Nguvu hiyo ipo katika kila injini ya namna hiyo tangu siku ilipotoka kiwandani. Watengenezaji wengine huweka shafti mbili za kusawazisha zinazozunguka kwa kasi maradufu ya krenki ili kuifuta. Wengine huikwepa kwa kupanga silinda namna nyingine kabisa, kama Honda walivyofanya kwenye pikipiki yao ya Gold Wing ya mwaka 1988 kwa kuipa silinda sita zinazolala, tatu kila upande, mpangilio ambao hujifuta wenyewe.

Hapa ndipo palipo na fumbo lako. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mizunguko: kwenye 6,000 ni mara nne ya ile ya 3,000. Kama tatizo lingekuwa nguvu yenyewe imeongezeka, mtetemo ungezidi kupanda hadi mwisho wa geji. Wako unapanda, unafika kilele kwenye 4,600, kisha unakufa. Hiyo si tabia ya chanzo, ni tabia ya kitu kinachoitikia. Kuna kipande cha chuma kwenye pikipiki yako ambacho sauti yake ya asili iko karibu na hezi 153, na injini ikipita hapo inakigonga kwa mdundo wake. Miezi minne iliyopita ama hakikuwapo, ama sauti yake ya asili ilikuwa mahali pengine.

Kwa hiyo vizito vya ndugu Upepo wa Uso si upuuzi. Ukiongeza uzito kwenye usukani unashusha sauti yake ya asili na kuitoa kwenye mwendo unaosafiri nao. Ni dawa halali ya mtetemo ambao pikipiki ilizaliwa nao. Kwa mtetemo uliokuja juzi, utanyamazisha mikono huku chuma kinachotikisika kikiendelea kuchoka mahali usipopaona.

Mzee Spana amejibu:

Nilijua kuna taa.

Kijana, vyuma hivyo havizunguki, lakini vimepita kwenye bolti zinazoibeba injini, na hapo hakuna kitu kidogo. Katika fremu za pikipiki nyingi kubwa injini yenyewe ni sehemu ya mifupa. Nafasi kati ya sikio la injini na sikio la fremu hujazwa na bushi ya chuma yenye urefu maalumu, au na nati ndefu ya kurekebisha, ili bolti ikikazwa isivute upande wowote. Ukiongeza hapo chuma cha mtu mwingine, chenye bushi zake na bolti zake ndefu, na vipimo vikakosea hata kwa milimita 2, kukaza kwako kunageuka kuwa kupinda. Injini inashikwa ikiwa imevutwa pembeni, chuma cha kuvuka kinakazika kama uzi wa zeze, na kila kitu kilichounganishwa nacho kinaanza kuimba.

Waingereza wa kiwanda cha Norton walilijua hili vizuri walipotoa pikipiki yao ya Commando mwaka 1967. Waliining'iniza injini, giaboksi na mkono wa gurudumu la nyuma kwenye mipira, na nafasi ya pembeni ya mipira hiyo ilipimwa kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya kujaza nafasi. Shimu zikiwa sawa, injini ya silinda mbili iliyokuwa ikitikisa meno ilitulia barabarani. Zikibana mno, mtetemo wote ulirudi kwa mpanda pikipiki. Zikilegea mno, pikipiki iliyumba kwenye kona. Mauntini ni kipimo, si mahali pa kutundikia vitu.

Fanya hivi, na usiwe na haraka. Injini iwe baridi. Ondoa vyuma vya kinga na taa zake vyote, uviweke kando. Weka jeki chini ya injini na kipande cha ubao juu yake, ukihakikisha ubao haugusi chujio la oili wala mabomba ya ekzosi. Jeki ibebe uzito tu, isiinue pikipiki. Legeza bolti zote za mauntini, pande zote mbili, pamoja na bolti inayoshika ekzosi kwenye fremu na klampu yake, maana bomba la ekzosi lililofungwa kwa kulazimishwa linaweza kuivuta injini vilevile. Kisha ichukue bolti moja moja: bolti ya mauntini iliyo sawa hutoka na kuingia kwa vidole. Ikikataa, panda au shuka na jeki kwa nywele moja hadi ikubali. Usiigonge kuingia.

Kama mauntini yako ya nyuma ina nati ya kurekebisha na nati ya kufungia, utaratibu wa kawaida ni nati ya kurekebisha kwanza kwa nguvu ndogo, halafu nati ya kufungia, halafu bolti yenyewe. Kitabu cha pikipiki yako kitakupa nguvu za kukazia, kwa Nm, na mfuatano wake. Fuata mfuatano huo hata kama unaona hauna maana, na tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ekzosi ifungwe mwisho. Baada ya hapo endesha pikipiki bila vyuma vya kinga, ndipo uje utuambie.

Unapoitoa bolti ya mauntini uitazame vizuri chini ya mwanga. Chuma huandika mambo yake.

Kiganja amejibu:

Naongeza la mkono, kwa kuwa kazi yangu ni afya ya watu wanaoshika mashine zinazotetema. Gumba, cha shahada na cha kati ni eneo la mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Kingekuwa kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, tungelaumu mgandamizo wa upande wa nje wa kiganja. Kwa kuwa mkono wa kushoto, unaopata mtetemo uleule, ni mzima, nashuku kwamba kifundo chako cha kulia kinakunjwa kwenda nyuma unaposhikilia mafuta kwa muda mrefu. Zungusha lava ya breki kidogo kushuka au kupanda hadi mkono, kifundo na vidole vikae mstari mmoja, na punguza nguvu ya kukamata, kwa sababu kadiri unavyobana ndivyo mtetemo unavyopita vizuri kuingia mkononi.

Kwa wafanyakazi, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri achukue hatua mtetemo wa mkono unapofikia wastani wa mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8, na inakataza kuzidi 5. Katika hesabu hiyo mtetemo ukiwa na nguvu maradufu, muda unaoruhusiwa haupungui nusu, hupungua hadi robo. Kwa hiyo kusimama kila saa ni sahihi, na ganzi ikidumu hadi asubuhi inayofuata, au vidole vikigeuka vyeupe kwenye baridi, usiulize mafundi, nenda kwa daktari.

Mwendambali amejibu:

Nimerudi na jibu, na aibu kidogo.

Niliondoa vyuma vya kinga kama Mzee alivyoelekeza. Bolti ya mbele ya kushoto ilitoka kwa vidole. Ya kulia ilikataa. Nilipandisha jeki kidogo, nikashusha, nikapandisha tena, na ilipoachia ilitoa mlio mfupi wa chuma, fremu ikasogea mbele ya macho yangu kiasi cha unene wa kucha. Nilipoipeleka bolti kwenye mwanga niliona kwenye shina lake mwezi mwandamo uliong'aa, upande mmoja tu, mahali ilipokuwa ikisugua ukingo wa tundu la sikio la injini. Kuizunguka alama hiyo kulikuwa na unga mwekundu kama kutu, ingawa bolti ina miezi mitatu na haijawahi kuona maji mahali hapo.

Nilipima bushi zilizokuja na vyuma vya kinga. Ya kulia ni fupi kuliko ya kushoto kwa milimita 2, na michoro iliyokuja nazo inaonyesha zinapaswa kulingana. Kwa hiyo jioni ile, nilipokuwa nakaza kwa haraka ili niwahi kulala, nilikuwa naivuta fremu ije kwenye chuma. Nakumbuka hata bolti ya chuma cha kuvuka ilivyonikatalia kuingia, nami nikaisukuma kwa bisibisi.

Nilifunga mauntini upya bila vyuma vya kinga, kwa mfuatano wa kitabu, nikatoka barabarani. Kwenye 4,600 hapakuwa na kitu. Nilipita hapo mara sita, nikipanda na kushuka, nikitafuta ile mashine ya kunyolea nywele, sikuipata. Ule mnong'ono wa zamani juu ya 5,000 upo vilevile, na namba za gari lililokuwa nyuma yangu nilizisoma kwenye kioo. Siku iliyofuata nilitembea kilomita 340, na vidole vilikuwa vizima, isipokuwa gumba lililosisimka kidogo kuelekea mwisho. Nimeshusha lava ya breki kama ndugu Kiganja alivyoshauri na naona kifundo kimenyooka.

Nimempelekea fundi wa kukereza chuma bushi zote mbili anichongee mpya zenye urefu sawa. Naomba kuuliza la mwisho: vyuma vya kinga nivirudishe kwa utaratibu gani, na je, bolti ile yenye alama naweza kuitumia tena?

Mzee Spana amejibu:

Bolti hiyo itupe, na mpya iwe na namba ileile ya ugumu iliyoandikwa kwenye kichwa cha ile ya kiwandani. Unga mwekundu uliouona ni chuma kilichosagana na chuma. Mahali hapo panapoanza kulika ndipo ufa huanzia.

Vyuma vya kinga viingize vyote vikiwa vimelegea, pamoja na chuma cha kuvuka. Kaza bolti za mauntini kwanza, kwa Nm za kitabu, upande mmoja kisha mwingine. Chuma cha kuvuka kiwe cha mwisho, na bolti yake iingie kwa vidole. Ikikataa, tanua tundu la chuma hicho kwa tupa, usiiguse fremu. Ukishamaliza pita tena kwenye 4,600. Baada ya kilomita 500 pima toki ya bolti hizo upya injini ikiwa baridi, na wakati huo uwe umetimiza ukaguzi wa vali, maana tangu kilomita 48,000 umekwisha kwenda mbali.

Mwendambali amejibu:

Nimeelewa, Mzee. Taa zenyewe nimeamua kuzihamishia kwenye fremu ya kioo cha mbele.

Mzee Spana amejibu:

Kabla hujatoboa, tuletee picha ya hiyo fremu.